Bundi wa Jioni Uliyoondoka

Jumapili, tarehe 14 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeapa kukuandikia kila kitu, hata kile ambacho mkono wangu hautaki kukiandika, kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Natumaini u mzima na kifua kimeacha kukusumbua. Baba hajambo. Bado yuko zamu ya usiku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mimi nikirudi kutoka shule yeye anatoka. Tunapishana mlangoni, ananiuliza kama nimekula, anakwenda. Nami sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa. Siku hizi nawasha redio hata kama sisikilizi, ili mle ndani kuwe na mtu.

Katika barua yako fupi uliuliza habari za bundi zilianzaje. Zilianza siku ile ile uliyoondoka kwenda masomoni, mwaka juzi. Jirani yetu fundi cherehani alinikuta nimekaa kwenye ngazi nikijisemea, akasema mtu anayeongea na ngazi anahitaji kazi, akanipeleka hifadhini nyuma ya kiwanda cha matofali. Huko jua likizama hutandazwa nyavu. Bundi akinasa hutolewa taratibu, hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa apimwe uzito, huvalishwa mguuni pete ndogo yenye namba, kisha huachiliwa. Akinaswa tena siku nyingine, namba ile inaeleza ni nani na alikuwa wapi.

Mtafiti wa ndege anayeongoza kazi hiyo hana wafanyakazi, ana mtaa wetu tu. Fundi cherehani hushona mifuko kwa mashati makuukuu. Mzee Stempu, aliyestaafu posta, ndiye anayewashika bundi, maana anasema mikono yake imezoea kubeba vitu vya watu bila kuvikunja. Mimi ni karani wa daftari. Jioni ya kwanza Mzee Stempu alizitazama sifuri zangu akauliza kama nimeandika au nimetaga. Nilicheka, Dada, siku ile ile uliyoondoka. Bundi niliyemwandika kwanza namba yake inaishia na 417, na sijawahi kuisahau.

Kanuni yetu ni moja: anayeshika bundi huisoma namba mara mbili, karani huirudia kwa sauti, ndipo huandika. Hivyo kosa la mmoja hukamatwa na mwingine.

Mwaka huu watu walipungua. Walisema wamechoka kuwavalisha pete ndege wasiorudi, na ni kweli, hakuna hata mmoja wa miaka ya nyuma aliyekuwa amerudi. Mtafiti hakutuficha. Alisema mwezi huu ukiisha bila bundi wa zamani kuonekana, kazi itahamishiwa hifadhi nyingine. Jioni ile nilirudi nyumbani nikazima redio, nikajaribu kuona itakavyokuwa.

Kisha Alhamisi iliyopita akanaswa bundi mwenye pete, na pete hiyo ikasomwa 417! Mtafiti alikaa kitako kwenye nyasi akicheka kama mtoto. Fundi cherehani alijifuta macho kwa mfuko wa kupimia, Mzee Stempu akamwambia ampishe bundi kwanza. Jana walikuja watu kumi na tisa, hata wale waliokuwa wamesusa, na kila mmoja alitaka kumwona karani aliyeandika namba ile.

Dada, bundi yule hakurudi. Mzee Stempu alikuwa amesahau miwani, akaniambia nimsomee mimi mwenye macho ya ujana. Pete ilikuwa mpya, inang'aa; tulimvalisha wenyewe wiki mbili tu zilizopita. Niliiona namba yake vizuri, nikasoma ya yule wa jioni uliyoondoka. Niliisoma mara mbili, kama kanuni inavyotaka. Kisha nikairudia kwa sauti, maana karani nilikuwa mimi, na hapakuwa na mtu wa kunikamata. Ningeweza kukuambia nilifanya hivyo ili kazi isihamishwe, na nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka kuisikia namba ile ikisomwa tena.

Jumamosi daftari linapelekwa kwenye kituo kinachotunza namba za pete zote. Likishafika huko, wasomi watauhesabu uongo wangu kama ndege. Kwa hiyo Ijumaa nitamwambia Mtafiti, na Mzee Stempu akiwepo, kwa sababu aliniamini niwe macho yake. Sikuombi ushauri juu ya hilo. Huenda wakahama, huenda wakabaki na karani mwingine. Sijui jioni zangu zitakuwa wapi.

Baba anakusalimu sana, na fundi cherehani anauliza kama koti lako bado linakutosha. Nisalimie wenzako wa chumbani. Nimekueleza kweli yote, nawe nijibu kwa kweli, kwa posta ya kwanza, hata kama ni kwa mstari mmoja: likizo hii unakuja, au niache kukungoja?

Mdogo wako akupendaye