Rufaa Niliyoilazimisha, Baba

Mpendwa Baba,

Shikamoo huko uliko. Leo asubuhi rufaa yetu imetupwa. Jaji hakufika hata kwenye hoja zangu kumi na moja. Alisema zuio la muda halimalizi shauri, kwa hiyo halikatiwi rufaa, akaita jalada linalofuata. Nje, Mama akaniuliza, "Tumeshinda?" Nikaanza kumjibu kwa Kiswahili cha chuo, akanikatiza: "We Wakili, sema ndiyo au siyo."

Siyo, Baba.

Unakumbuka uliponunua kile kiwanja cha Chamazi? Nilikuwa darasa la tano. Wenzako walizungushia vyao minyaa. Wewe, mchonga vinyago, ukapanda miche minne ya mpingo, mmoja kila pembe. Mjumbe aliyeshuhudia mauziano alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzee, mpaka huu watauona vitukuu!"

Ukamjibu, "Ndio hao niliowanunulia."

Miche haikuwa imenifika hata kifuani mtu mmoja aliyedai kiwanja ni chake alipoapa mbele ya baraza la ardhi kwamba alikuta pori lisilo na alama. Likatoka zuio: pande zote zisiingie mpaka shauri la msingi liamuliwe. Karakana yako ya pale kiwanjani ikafungwa, tezo na patasi zako zikiwa ndani.

Wewe ulitaka tungoje. Tarehe ya ushahidi ilikwishapangwa, na mjumbe alikuwa tayari kusema alichokiona. Ni mimi niliyesimama katikati ya chumba chetu cha kupanga Buguruni, nikakuhutubia kama ninavyowahutubia wanafunzi wenzangu: "Mnyonge haombi tarehe, Baba, anadai haki!" Ukanitazama kwa upole ulionikera.

"Mwanangu, mie gogo bichi nalifunika gunia lenye maji, likauke polepole. Ukiliharakisha linapasuka."

Nikakuita mwoga. Wewe, uliyeacha kwenu kusini ukiwa na tezo moja mkononi! Ulicheka tu. "Haya, Wakili. Kata hiyo rufaa yako."

Nikaikata, nikaitia sahihi kwa niaba yako. Jalada likaitwa juu, na shauri la msingi likakwama chini kulisubiri. Hilo sikulijua, nilijua kuhutubia. Katika kusubiri huko mjumbe akafariki, shahidi wetu pekee. Kisha wewe, vidole vyako vikipapasa shuka kana kwamba vinatafuta mpini.

Nimezoea kumtaja mkandamizaji kwa jina, Baba, nikapigiwa makofi. Safari hii nimemtafuta katika kila ukurasa wa jalada, na kila ninapofika kwenye kilichotuchelewesha, nakuta sahihi yangu. Sasa jalada litarudishwa chini. Tarehe hatujapewa. Wa kusimama na kusema "nilimwona akipanda miche hii" hayupo, wala aliyeipanda hayupo.

Kutoka mahakamani nilipita Chamazi peke yangu. Sikuingia; zuio bado lipo. Nilisimama barabarani, kando ya mpingo wa pembe ya mbele, ambao sasa unanifika mabegani. Kutoka pale linaonekana lile gogo lako la mwisho, chini ya upenu wa karakana, ulilolifunika asubuhi ile ile tuliyotolewa.

Gunia limekauka, upepo umelisogeza kando. Gogo limepasuka toka juu hadi chini.

Lala, Baba. Sina hoja nyingine.

Mwanao,
uliyemwita Wakili