Arubaini ya Saidi

Mama yangu,

Nakuandikia kutoka Kizingitini, nimeshiba mkate wa mofa na samaki wa kupaka, ingawa hafikii wako wa huko Mombasa.

Sisi madaktari wa watoto tumekuja kuiomba kaunti iajiri wauguzi wa kuwatembelea majumbani kina mama waliojifungua. Bwana mmoja wa kaunti akauliza, "Kwani hawawezi kuja kliniki?"

Nilikuwa na majibu ya kitaalamu, lakini harufu ya udi ilinijia kutoka nyumba ya jirani, nikakuona wewe miaka ile, nyuma ya pazia, mimi mtoto nakuletea uji wa pilipili manga, nawe unanionyesha vidole vya Saidi. Basi nikamwambia kwamba huku mtoto hatolewi nje mpaka arubaini ya kuzaliwa, na kwamba homa ilimchukua mdogo wangu kabla haijafika.

"Hata mimi mamangu hakunitoa," yule bwana akasema. "Wauguzi watakwenda, Daktari."

Mungu akuweke, Mama, na uache kujilaumu. Hukukosea kumweka ndani. Sisi ndio tuliopaswa kuja kwako.

Mwanao,
Rukia