Maswali ya Kocha Gathogo

Dada Shantel,

Baridi ya Olenguruone umeizoea? Hapa Karagita ziwa limesogea karibu na uwanja wetu wa voliboli, na jioni mpira ukipaa unaonekana majini kama mwezi.

Tangu nimalize shule nachezea timu ya mtaa. Kocha Gathogo alirudi kutoka semina na maswali ya tabia za wachezaji. Aliposoma majibu yangu akasema, "Nanyama, wewe ni mtu wa kimya. Watu kama nyinyi hukimbia mbio ndefu, peke yao. Huku lazima mtu aitishe mpira." Akanipa Jumamosi moja tu, nisipoitisha nimwachie nafasi Njoki, mchezaji wetu wa akiba.

Lakini maswali yake hayakuuliza niko na nani. Tukilala sisi wawili, si Mama alikuwa akitugombeza nyuma ya pazia tunyamaze? Tangu uolewe hajatugombeza tena.

Jumamosi mpira ulipanda juu sana, ukakaa hapo kama umelala. Kila mtu alingoja mwingine aseme "Yangu." Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni "Shantel!"

Wote waligeuka kumtafuta huyo Shantel. Nikaufikia mpira peke yangu, nikaupandisha, mwenzangu akaugonga chini.

Kocha alicheka. "Huyo Shantel abaki kwa timu."

Sasa kila mtu akitaka mpira huita jina lako. Jioni ukinyamaza kidogo huko, labda utatusikia.

Mdogo wako, bado nalala upande wa ukutani,
Nanyama