Ukili wa Mkeka wa Harusi ya Ashura

Habiba, leo nimeumbuka! Nimekwenda kwa mke mwenzangu Mwamini, nikamwomba anifundishe kusuka ukili wa kushonea mkeka. Mimi, na umri huu!

Wivu tu ulionipeleka, shoga. Ashura anashinda kwa Mwamini, wanasuka mkeka wa harusi yake. Mwanangu wa kumzaa!

Nimesuka shibiri mbili, najisifu. Ashura akacheka: "Mama, ukili huu au mkia wa panya?" Akaufumua wote, Mwamini anatazama! Wote!

Mwamini akasema, "Mfundishe wewe, mimi nina chungu motoni." Akatuacha. Jikoni kwenyewe hakukuwa na moto, nimeona.

Ashura akanishika vidole kimoja kimoja, kama nilivyomshika akijifunza kula.

Habiba, binti yako naye anashinda kwa fundi cherehani. Nenda ukajifunze naye, usichelewe kama mimi. Kesho narudi kufumuliwa.