Soketi ya Kando ya Kitanda cha Mika

Wodi ya watoto wachanga,
Njombe.
Alhamisi

Kwako dada Noela,

Shikamoo dada. Kwanza kabisa naomba unisamehe kwa kukaa kimya siku tisa nzima. Najua umepiga simu mpaka umechoka, na shemeji yako Yusto naye kule Makete anakopasua mbao lazima amekwambia hanipati. Simu haijaibwa wala haijaharibika. Nimeizima mwenyewe nikaifunga kwenye soksi, ipo chini kabisa ya begi, ndiyo maana unasoma barua uliyoletewa na konda wa kosta. Je, mama anaendeleaje na kiuno tangu aanguke? Upepo wa huko Makambako haumfai, mfunike vizuri hata akikataa.

Mika yupo hai. Nimetanguliza hilo usije ukasoma kwa hofu. Ana kilo moja na gramu mia nne, na bado anapumua kwa mirija ya oksijeni. Mashine yenyewe anaitumia pamoja na Jasmine, binti wa Jackline, mama mmoja wa Iwawa. Mashine moja, mirija miwili. Jackline ni mcheshi, ananiita mkwe. Anasema watoto waliovuta hewa ya chungu kimoja waozeshwe tu, na mahari nianze kupanda viazi sasa hivi.

Siku ya kwanza muuguzi Conjesta alituonya wote. Alisema simu ibaki nje, na mwenye kuingia nayo aizime aiweke mbali na mashine, angalau urefu wa mkono. Halafu akatuonyesha soketi akasema zile ni pumzi za watoto, si mahali pa kuchajia umbea. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana, ile mashine ilizimika. Conjesta aliingia anakimbia. Midomo ya Mika ilikuwa imegeuka rangi kama zambarau, na Jasmine alikuwa amelegea kama kitambaa. Wakampulizia Jasmine hewa kwanza kwa mpira wa kubana kwa mkono, daktari akaja, mimi nikasimama ukutani nisijue hata jina langu. Mika alirudi upesi. Jasmine alichelewa. Tangu siku hiyo hanyonyi vizuri, mkono wake wa kushoto anaukunja tu. Daktari anasema ni mapema mno kusema lolote, tusubiri. Jackline haniiti mkwe tena, dada. Kutwa anamtazama tu mtoto.

Waya wa mashine ulikutwa sakafuni umechomoka. Muda mfupi kabla yake Fidelia, mama anayefanya usafi, alikuwa amepiga deki pale. Aliapa kwamba hakugusa waya wowote. Mama mmoja akamwambia deki lake lina nguvu kuliko akili zake, na wengine wakaitikia. Wakubwa wa hospitali wamemwambia akae nyumbani kwanza, Jumatatu saa tatu kuna kikao cha kuamua kazi yake. Ana miaka kumi na moja anadeki wodi hii.

Dada, kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Siku ile na saa ile ulikuwa unaongea na mimi. Ulinipigia kunieleza mama ameanguka bafuni. Simu ilikuwa inakaribia kuzima, na nilikuwa nimeificha ndani ya kitenge kifuani, kama tunavyoficha wote humu. Soketi zote zilikuwa zimejaa. Nikachomoa waya mmoja nikidhani ni wa hita, nikachomeka chaja, nikajifunika shuka nikaendelea kukusikiliza. Ukaniuliza ni nini kinalia huko kwangu. Nikakwambia ni gari linarudi nyuma nje. Humu ndani mashine zinalia kutwa, nilidhani ni ya kona nyingine. Ilikuwa ya mwanangu.

Niliposikia miguu ya Conjesta nilichomoa chaja nikaisukumia kwenye kitenge. Ule waya ulikuwa umelala mbele yangu. Kuurudisha ingekuwa kitendo cha sekunde moja, lakini niliogopa kuonekana. Nikausukuma kwa mguu chini ya meza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata kuuchomoa.

Wewe usijilaumu kwa kunipigia, ungejuaje. Ila usinikataze pia kusema ukweli. Leo asubuhi Fidelia alikuja mpaka getini, akanipa chupa ya maji ya moto ya kumkandia mtoto, akasema eti baridi ya mwezi wa saba haijui kama mtu amesimamishwa kazi. Niliipokea nikarudi wodini haraka. Nikishamkabidhi konda barua hii naenda kwa Conjesta, halafu kwa Jackline. Naogopa watatutoa wodini, naogopa polisi, na zaidi namwogopa Jackline. Lakini nitaenda. Yusto nitamwambia mwenyewe, wewe usinitangulie.

Wasalimie watoto, na mama mwambie tu kwamba mjukuu wake anaongezeka uzito, maana ni kweli.

Ninavyohitaji bado ni hivi: kofia za sufu mbili, soksi za mtoto jozi mbili, blanketi laini mbili, na vya Jasmine uvifunge peke yake kwenye mfuko safi. Unga wa uji kilo mbili. Sabuni ya mche moja. Chaja usitume. Na uje wewe mwenyewe Jumatatu kabla ya saa tatu, ukae na Mika wakati mimi nipo kwenye kikao, maana sijui kama kutakuwa na mama mwingine humu atakayekubali kuniangalizia.

Ni mimi mdogo wako,
Nelly, mama Mika