Hodari wa Kurudi Nyuma

Jinghong, 23 Desemba 2023

Dada Peizhen mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka huku kusini. Sisi ni wazima. Magoti yanalalamika asubuhi, yakipata jua yanasahau. Wasiwasi wetu ni juu yako. Masikio yanaendeleaje? Na ile baridi ya Shanghai, inayoingia hata kupitia ukuta, umeizibia madirisha? Tafadhali usipande ngazi na birika la maji ya moto mkononi.

Umeniandikia: "Nipe siku yenu moja nzima, bila mapambo. Nikiona ni maisha, nitanyamaza. Nikiona ni ukaidi, mtaliuza hilo gari-nyumba na kuja kukaa chumba cha juu." Haya. Nakupa siku ya jana, fupi kuliko zote za mwaka, kwa hiyo barua nayo isiwe ndefu.

Asubuhi hapa ni ya ukungu. Unapanda kutoka Mto Lancang na kuyafunika magari yote uwanjani, hata gari la jirani halionekani, na hakuna mzee anayeona haya kulala. Nilimsikia Luan wangu akichemsha uji wa mtama, nikabaki chini ya blanketi nikisoma. Ukungu ulipoanza kupasuka, Qiao, yule jirani yetu wa Qiqihar, akaligonga gari ubavuni.

"Mzee Luan! Mko hai humo?"

"Hai kuliko wewe!"

"Basi toka ushindwe mapema, nina kazi zangu."

Kazi gani? Mtu amestaafu kabla yetu. Wakacheza sataranji chini ya turubai mpaka mchana. Siku hizi Luan anazipapasa kete kwa kidole gumba kabla ya kuzisogeza, kama alivyokuwa akipima ngano shambani. Alishindwa mara tatu. Qiao akamwambia, "Umeniachia farasi bure. Umezeeka, au umenionea huruma?"

Mimi niliosha nywele, nikazikausha juani nimeegemea gurudumu. Sokoni nilinunua balungi kubwa kama kichwa cha mtoto, na wali wa kunata uliofungwa kwa jani la mgomba. Tukala, tukalala. Jioni mke wa Qiao alikuja na unga wake tukunje jiaozi, sambusa ndogo za kuchemsha, za sikukuu ya siku fupi, maana kwao kaskazini asiyezila siku hiyo masikio yake hukatika kwa baridi. (Ungezila wewe, dada!) Nimekaa na watu wa kaskazini miaka zaidi ya hamsini na bado wananicheka, wakiniita kwa jina letu la ukoo na ualimu wangu wa zamani.

"Mwalimu Gu, hizo ni jiaozi au hereni? Nyie wa Shanghai mnapikia ndege?"

"Ndege wana adabu mezani," nikamjibu.

Luan alimimina siki, nusu bakulini, nusu mezani, tukacheka sote. Baadaye tukatembea kando ya mto, amenishika mkono njia nzima, jambo ambalo hakulifanya hata mwaka tuliooana. Gari halijasogea tangu mwanzo wa Novemba. Mahali ni pazuri, twende wapi?

Hiyo ndiyo siku. Niambie kama ni maisha.

Mdogo wako,
Peifen

*

Shanghai, 4 Januari 2024

Mdogo wangu,

Barua imefika. Mimi mzima, masikio ndiyo yaliyostaafu kabla yangu. Madirisha nimeyaziba. Birika napanda nalo, na nitaendelea kupanda nalo.

Nimeisoma siku yako mara tatu. Ni siku nzuri. Ningeionea wivu kama nisingekujua. Nilikuomba uandike bila mapambo, nawe ukaandika bila mapambo kweli, ila umeruka jambo moja.

Shemeji yangu Luan alikuwa bingwa wa sataranji wa shamba zima la serikali. Sasa anapapasa kete. Anamwaga siki mezani. Anakushika mkono njia nzima. Na mtu huyu, ambaye hajawahi kukaa mahali pamoja wiki mbili tangu mlinunue hilo gari, ameliegesha tangu Novemba.

Peifen, macho yake yana nini?

Na kama haoni, nani ataliendesha? Mtakaa hapo uwanjani mpaka magurudumu yaote nyasi? Chumba cha juu nimekipaka rangi. Kitanda ni kipana. Tangu mume wangu Xiangsheng afariki, hakuna aliyekilalia. Nijibu ukweli.

Dada yako,
Peizhen

*

Jinghong, 15 Januari 2024

Dada Peizhen,

Salamu, na shikamoo ya mtu aliyekamatwa. Hujambo? Hapa afya ni njema isipokuwa hilo ulilolifichua.

Ni katikati ya macho. Pembeni anaona: anaona ndege akiruka ubavuni mwake, anaona Qiao akijaribu kuiba kete. Lakini anapokutazama usoni, uso ndio haupo. Daktari wa Kunming alisema kilichopotea hakitarudi. Kilichobaki huenda kikadumu. Luan aliniambia wakati tunarudi, yeye akiwa kwenye usukani na mimi nikimwambia taa ni nyekundu au kijani. Tulipofika hapa akazima injini, akanipa funguo, akasema, "Basi."

Sikukuandikia kwa sababu nilijua jibu lako lina chumba ndani yake.

Sasa pokea na la pili, kaa chini kwanza. Najifunza kuendesha. Nilianza tangu Desemba. Siku hizi sheria inaturuhusu hata sisi tuliopita sabini, mradi tufaulu kipimo cha kumbukumbu na wepesi wa mikono. Nimekifaulu. Mwalimu wangu wa udereva ni mwanamke wa hapa, wa kabila la Wadai, jina lake Dao, ana umri wa kuwa binti yangu na sauti ya sajini.

Siku ya tatu alinipigia kelele: "Mama! Unalima au unaendesha? Kwa nini unageuka nyuma kila saa?"

Ilibidi nimweleze. Niliposhushwa kwenye treni kule kaskazini, serikali ilipotupeleka vijana wa mjini kulima, na miaka kumi na saba yangu na sanduku la vitabu, walinipanga juu ya mashine ya kupandia, nyuma ya trekta la Luan. Shamba lilikuwa refu kiasi kwamba tuliondoka upande mmoja asubuhi na kula chakula cha mchana upande wa pili. Kazi yangu ilikuwa kutazama nyuma: mbegu zinashuka? mstari umenyooka? Naye alikuwa akigeuka kila mara kutazama mistari, au kunitazama mimi. Mpaka leo hajakiri ni kipi. Nilimwona akiendesha miaka saba namna hiyo, nikadhani ndivyo watu wanavyoendesha.

Jioni Luan anakaa kando yangu gari likiwa limezimwa, ananifundisha klachi kwa sauti. "Iachie polepole. Polepole! Hiyo si nzi unayemkanyaga." Qiao anapita akisema ataandika wosia wake.

Sitaliuza gari, dada. Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Peifen

*

Shanghai, 24 Januari 2024

Peifen,

Salamu zako nimezipokea. Afya yangu usiiulize leo.

Miaka sabini na mmoja! Watu wa umri wako wanajifunza kutembea na fimbo. Hilo gari ni refu kama vyumba vyangu vitatu, nawe hujawahi kuendesha hata baiskeli bila kumgonga muuza tofu wa kichochoroni, ambaye alikulaani mpaka alipokufa.

Nakwambia jambo ambalo sijakwambia. Siku ile ya treni nilibaki kwenye jukwaa la stesheni, nikakimbia na dirisha lako mpaka jukwaa likaisha. Nyumbani nikaendelea kusubiri. Nilisubiri barua, nilisubiri likizo yako, nilisubiri ustaafu. Ulipostaafu ukanunua magurudumu. Nimekuwa jukwaani maisha yangu yote, na sasa unataka nikae nisubiri habari ya ajali.

Sitaki maelezo ya klachi. Amua: ni chumba au ni gari. Mpaka uamue, usiniandikie, hata salamu za mwaka mpya wetu wa Februari.

Dada yako,
Peizhen

*

Jinghong, 12 Machi 2024

Dada yangu Peizhen,

Nimekutii. Mwaka mpya umepita bila neno langu, na kila fataki iliyolia niliisikia kwa niaba ya masikio yako. Umeamkaje? Ulikula nini siku hiyo, na ulikula na nani? Hilo la pili ndilo lililonikosesha ladha ya samaki.

Ulisema niandike nikishaamua. Nimeamua, na leseni ninayo.

Mtihani wa uwanjani, wa kurudi nyuma na kuingia katikati ya mistari, nilifaulu mara ya kwanza. Mkaguzi alishuka akazunguka gari, hakuamini. Ule wa barabarani nikaanguka. Akaniambia kwa upole, "Mama, kurudi nyuma wewe ni hodari sana. Shida yako ni mbele." Nilicheka mpaka akaniletea maji. Kisha nikakaa kwenye benchi nikalia kidogo, maana alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua.

Luan hakunipa pole. Alisema, "Mimi mbele nimenyang'anywa, wewe umepewa na hupatazami." Nikamnunia siku nzima. Siku ya pili nikarudi kwa Dao. Akanifunga kitambaa shingoni, kikavu na kigumu, ili nikigeuka nikumbuke. Tulipita daraja la mto mara nyingi sana, mpaka wauza ndizi wakawa wananipungia mkono. Mara ya pili nikafaulu.

Juzi nilimtoa Luan kwenda Menghai, mji wa jirani, kwa barabara ya mashamba ya chai. Yeye amekaa kushoto kwa mara ya... hapana, yeye amekaa upande wa abiria gari likitembea, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mimi ndiye niliyekuwa kushoto, penye usukani. Unaona bado nachanganya. Mikono yake ilishika magoti kama usukani. Lori zito lilitupita kwenye kona, yeye akaliona kwa pembeni ya jicho kabla yangu, akasema, "Bana kulia." Nikabana. Kona zilipokwisha akasema: "Mstari umenyooka." Nimesubiri maneno hayo tangu nikiwa juu ya mashine ya kupandia.

Sasa jibu lako. Hatutakuja kukaa chumba cha juu. Ngazi zako zinapanda kama ukuta, na Luan anayejua gari hili kwa vidole, kila ndoano na kila mlango wa kabati, kwako angekuwa fahali aliyefungiwa sandukuni. Na mimi, dada, mji ule ni wangu katika ndoto tu. Kila nikirudi, muuza duka huniuliza natoka wapi. Mpangishe mtu chumba. Nasema kwa upendo, lakini nasema.

Ila sitakuacha jukwaani. Mwezi ujao tutaanza safari kuja kwako, kwa barabara za kawaida, maana mwaka huu wa kwanza siruhusiwi zile za kasi. Tutakwenda polepole na kulala mapema. Nitafutie mahali pa kuegesha karibu na kichochoro, tukae kwako wiki nne au tano, mpaka utuchoke. Kisha tunaelekea kaskazini kuliko na ubaridi wa kiangazi.

Kasirika ukitaka, lakini nijibu.

Mdogo wako,
Peifen

*

Shanghai, 21 Machi 2024

Mdogo wangu Peifen,

Nimesoma. Mimi mzima. Mwaka mpya nilikula keki za wali peke yangu, redio ikiwa juu kabisa, na jirani akagonga ukuta.

Mpe shemeji salamu. Mwambie na mimi siwasikii watu wanaozungumza nami uso kwa uso. Atanitazama kwa pembeni, nami nitasoma midomo yake, tutaelewana kuliko tulivyowahi. Ila asinifundishe klachi.

Nimekwenda kuuliza habari ya kuegesha. Kichochoroni hapaingii hata mkokoteni siku hizi. Shuleni walikataa. Nikaenda soko la mboga, nikamwona bwana Zhuang, mkuu wa geti. Akasema gari-nyumba lenye urefu huo, hapana. Nikamwambia ni la mdogo wangu, anakuja nalo mwenyewe kutoka kusini kabisa, Yunnan.

"Mdogo wako ana miaka mingapi?"

Nikamwambia. Akaniomba nirudie, nami ndiye kiziwi. Akacheka, akasema ataruhusu, lakini ni usiku mmoja tu, na kabla ya malori ya mboga kuingia muwe mmekwisha ondoka. Nilisimama pale nikitafuta namna ya kumbembeleza aongeze wiki. Nikatazama juu, dirisha la chumba cha juu linaonekana kutoka getini, na lile pazia jipya nililolitundika kwa ajili yenu.

Nikamwambia usiku mmoja unatosha.

Chumba nimempa muuguzi kutoka Anhui, anahamia Mei mosi, na vyumba vya chini atavitunza. Kwa hiyo usichelewe njiani. Nina sanduku moja na birika. Niandikie nitalala upande gani wa gari.

Dada yako,
Peizhen