Mistari ya bawa la ndege yako

Mpendwa yaya Kambale, kaka yangu mkubwa,

Ndege yako ya plastiki, ile ya kuunganisha vipande, ilivunjika bawa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza ukifika, kabla hata ya kuomba maji.

Tulipokimbia kutoka kwetu Mulekera, mama aliifunga ndani ya kitenge, akaipakata juu ya pikipiki hadi Butembo. Masufuria tuliyaacha. Tulipoifungua nyumbani kwa mama mdogo, bawa la kushoto limechomoka, ubavu umepasuka. Mama alinitazama tu.

Unakumbuka mjomba alipoileta kutoka Kampala? Vipande vya kijivu vimeshikana kwenye vijiti vyake vya plastiki, ndani ya sanduku la karatasi. Marehemu baba alicheka: «Kijana muzima na michezo ya batoto!» Halafu akakaa karibu nawe mchana mzima, akikushikia vipande gundi ikauke.

Gundi ilivimba kwenye kiungo. Ukaisugua kwa msasa hadi ikawa laini, na ile mistari myembamba inayoonyesha mabati yanapokutana, pamoja na vitone vya misumari, vyote vikafutika. Mimi niliona imependeza. Wewe ulikunja uso.

«Ndege ya kweli iko na mabati, Masika. Hii sasa iko kama sabuni.»

Ukachomeka sindano ya mama kwenye kijiti, ukabandika utepe wa fundi wa umeme uongoze mkono, ukaanza kuchora mistari upya. Kisha ukanipa nijaribu, mkono wako juu ya wangu. «Hapana kusukuma. Vuta. Polepole, mara mingi.»

Halafu ukaenda Eringeti kuvuna kakao kwenye shamba la baba. Ulisema utarudi Jumamosi. Watu wenye silaha wakaingia upande ule. Wengine walizikwa, wengine walirudi, na wewe hatukukuona kati ya hawa wala kati ya wale. Rafiki yako wa pikipiki alikuja kutueleza kwamba alikuona mara ya mwisho ukielekea porini.

«Alikuwa anakimbia muzuri,» alisema.

Mama akamwomba arudie. Akarudia.

Basi, bawa nimelibandika mimi. Nimesugua kiungo, na mistari ikaondoka, kama wakati ule. Nikavuta sindano jinsi ulivyonifundisha, lakini ikateleza na kuacha mkwaruzo mrefu. Nikayeyusha vipande vya kijiti kimoja cha plastiki kilichobaki ndani ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, nikaziba mkwaruzo, nikangoja, nikasugua, nikaanza tena. Ikateleza tena. Kwenye bawa niliweza kuiga lile la kulia. Pale ubavuni palipopasuka sijui mstari wako ulipita wapi. Picha hatuna. Nimekisia.

Jana mama aliishika, akapitisha kidole pole pole.

«Hii ni mukono yako. Ya Kambale ilikuwa myembamba.»

«Ndiyo, mama.»

«Utaweza kuifanya kama yake?»

«Hapana, mama.»

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia, yaya. Akairudisha mezani, akaenda kuchambua maharage, na mimi nikabaki na sindano yangu, sijui niendelee ao niache.

Leo asubuhi tulikwenda kanisani kuomba misa kwa ajili yako. Katekista ni mtu mpole, hakutaka kutuumiza.

«Mama, Kambale tumuweke pamoja na marehemu, ao na wasafiri?»

«Wasafiri,» mama akajibu haraka.

«Amesafiri kwenda wapi?»

Mama akanigeukia. Watu walikuwa wanangoja nyuma yetu. Nilifungua kinywa, yaya, nikatafuta jina la mahali, lolote, na sikulipata.

Popote ulipo, Mungu akufunike.

Mdogo wako,
Masika